Mpera Niliousogeza

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo mkuu wetu wa shule, Jean-Baptiste, ameiondoa ramani yangu ukutani. Ni ramani ya jimbo letu la Maniema niliyoichora mwenyewe kwa wino wa rangi tatu, na imekaa juu ya meza yake miaka tisa. Kwenye msumari ule ule ametundika picha ya Estelle. Ramani nimeikuta stoo, imeegemezwa kwenye majembe ya shamba la shule.

Estelle ni mwalimu wa darasa la pili. Ana miaka ishirini na sita, amesoma Bukavu, na ameanza kazi kwetu Septemba hii. Picha yenyewe inaonyesha shule yetu kutoka barabarani: mabati yenye kutu, mlingoti wa bendera, hata ule ufa wa darasa langu ambao ningependa watu wausahau. Aliichora Jumamosi, ameketi peke yake kando ya njia, watu wakipita na kumtazama. Anasema hiyo si picha, ni kroki. Unakwenda mahali, unaketi, unachora unachokiona, unaondoka. Walimu walipita mmoja mmoja kumsifu. Na mimi nikamsifu, midomo tu.

Miaka kumi na minne nimewachorea walimu wa shule hii kila kitu: moyo wa binadamu, mhogo na mizizi yake, mto Lualaba na samaki wake. Mtu aliyeuliza nani anajua kuchora hapa Kasongo aliambiwa ni mimi, Djamila wa Sumaili. Kesho ataambiwa nani?

Naandika humu kwa kuwa siwezi kumwambia mtu. Nina wivu. Nimeshaliandika, basi.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua toka asubuhi. Paa la darasa la pili linavuja. Langu halivuji.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimenunua daftari lisilo na mistari na penseli mbili, nikaenda sokoni kufanya kroki. Kama yeye anaweza kukaa barabarani akachora, mimi mkubwa wake nashindwa nini?

Nilishindwa. Nilikaa karibu na wauza mchele saa nzima bila kuitoa penseli mfukoni. Nyumbani nachora bila hofu, na ubaoni nachora nikiwa na watoto hamsini mgongoni. Lakini kuketi peke yako mahali pa watu wote, huuzi, hununui, humngoji mtu, ni kazi nyingine. Mwanamke wa umri wangu akiketi hivyo, watu humuuliza kama anaumwa. Wawili waliniuliza. Nisionekane mjinga, nikanunua nyanya. Nikahamia upande wa pili wa soko, nikakosa ujasiri tena, nikanunua nyanya tena. Mama yangu, Hawa, ambaye naishi naye tangu niachane na mume wangu, alitazama kapu akauliza kama tuna harusi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Jana nilirudi sokoni na nimechora. Nimechora baiskeli iliyobeba magunia matatu ya mchele. Magurudumu yametoka kama mayai, lakini ni baiskeli, hakuna atakayesema ni mbuzi.

Tatizo lilikuwa wanawake waliokuja na samaki kutoka Nyangwe. Waliponiona natazama, nainama, natazama, nainama, wakafunika mabeseni yao. Mmoja akaniuliza ninawaandika kwa nini. Nikamwambia siandiki, nachora. Akauliza nachora kwa nini. Nikasema ninafanya kroki.

Heri ningenyamaza. Hapa kwetu kroki ni kitu kimoja tu: ile karatasi ya ofisi ya ardhi yenye kiwanja chako, vipimo vyake na majina ya majirani zako. Asiye na kroki halali usingizi mzito. Leo asubuhi habari zilishafika hata shuleni kwamba soko limepimwa na wauza samaki watafukuzwa. Jean-Baptiste akauliza ni nani anayeeneza uongo wa namna hiyo. Niliendelea kusahihisha madaftari.

Alhamisi, 17 Oktoba

Wakati wa mapumziko Estelle aliwaonyesha walimu jinsi anavyopima. Ananyoosha mkono, anasimamisha penseli mbele ya jicho, anafumba jicho la pili. Anapima mlango ni penseli kiasi gani, halafu anauliza ukutani mnaingia milango mingapi. Alionekana kama mtu anayelenga njiwa, nikasema hivyo, wakacheka. Yeye akacheka kuwashinda wote. Hata kutaniwa anakujua.

Jioni nilipima mtungi wa mama kwa penseli mpaka bega likaniuma. Njia ile ni ya kweli. Ingekuwa ya uongo ningelala vizuri.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimechora kitu kizuri, kisha nikakiharibu kwa makusudi. Sijui niandike lipi kwanza.

Nilitoka mapema, mvua ikiwa imepumzika. Kwenye barabara moja nyuma ya misheni niliona nyumba ndogo ya matofali yenye mlango wa buluu. Upande wake wa kuume kuna uwanja, uwanjani jiko la nyasi na mkeka wa kuanikia mpunga, halafu mpera mkubwa wa mpaka, halafu nyumba ya jirani. Ng'ambo ya njia palikuwa na kinu kilichopasuka, kimepinduliwa. Nikaketi juu yake. Kwa mara ya kwanza sikuogopa. Watu walisimama nyuma yangu, wakasema lao, wakaenda zao. Nikapima kwa penseli, kama yule mlenga njiwa. Kutoka pembe ya ukuta mpaka shina la mpera iliingia milango mitatu kamili. Nikachora ukuta, nikachora mlango, mkono ukaanza kusikia raha.

Mlango ukafunguka, akatoka Estelle na beseni la maji.

Kumbe ni kwao. Nyuma yake akatoka mama yake, Mama Marcelline, yule mjane anayelima mpunga upande wa Lusangi. Hawakuniona, au waliona mtu tu ameketi. Estelle akaurukia mpera akaangua mapera mawili, mama yake akamwambia neno, wakacheka wote wawili mpaka mama akashika ukuta. Akamwita "fundi yangu". Nilisikia mpaka ng'ambo.

Mama yangu ananipenda, lakini hajapata kuniita fundi wa kitu chochote. Roho ikanichoma. Nikajiuliza Mungu alimgawiaje huyu: mkono, kicheko, miaka ishirini na sita, na mama wa namna ile. Mpera ulikuwa bado haujachorwa. Niliuchora umebanwa kwenye ukuta kabisa, nusu mlango hauingii katikati. Jiko na mkeka nikaviacha. Nyumba ikaonekana kama banda lisilo na mahali pa kupumua. Nikaitazama, nikapendezwa. Nikaweka saini na tarehe chini, kama anavyofanya yeye.

Wakati naondoka akatoka jirani wa upande wa pili wa mpera, kumbe ni Asani, binamu ya marehemu baba yangu, ambaye hatutembeleani. Mimi humwita baba mdogo. Aliichukua ile karatasi akaitazama muda mrefu, akaniambia:

"Hii njo kroki yenyewe, mwanangu. Zile za huyu jirani yangu ni za kupendeza macho tu."

Nilitembea hewani. Akasema kroki bila majina haina kichwa, basi nikaandika "Kwa Marcelline" upande huu wa mpera na "Kwa Asani" upande ule.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua. Pikipiki zinazoleta bidhaa kutoka Kabambare zimekwama siku mbili, sukari imeadimika.

Estelle ameniomba twende pamoja kuchora Jumapili. Ananiita Yaya, kama dada yake mkubwa. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Akauliza kama kitaniuma mpaka Jumapili.

Jumamosi, 2 Novemba

Sasa naitwa Mwalimu wa Kroki. Mwanamke mmoja wa mtaa wetu, Aicha, alikuja anataka kroki ya kiwanja chake kwa sababu shemeji yake anakiangalia kwa jicho baya. Nikamweleza kwamba michoro yangu haina nguvu yoyote ofisini, ni ya kujifurahisha. Akanijibu nimfanyie hiyo hiyo ya kujifurahisha, ataibandika mlangoni shemeji aione. Wiki hii nimefanya tatu. Hakuna aliyekwenda kwa Estelle.

Baba mdogo Asani naye alipita na mkungu wa ndizi kwa mama. Akaomba ile kroki ya nyumba zao aiweke kama ukumbusho. Nikaichana daftarini nikampa. Akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa kifua. Nilifurahi, maana ni kazi yangu ya kwanza kuombwa na mtu ili aihifadhi.

Mama alipobaki peke yake na ndizi alisema Asani hajaleta ndizi katika nyumba hii tangu matanga ya baba.

Ijumaa, 8 Novemba

Upepo mkubwa baada ya sala ya adhuhuri, kisha mvua ya mawe madogo. Mabati matatu ya shule yameruka. Watoto wa darasa la kwanza wamelia mpaka saa tisa.

Jumatatu, 11 Novemba

Estelle amesema ule upepo uliangusha mpera wa kwao. Alisema kama mtu anayetangaza msiba. Nikamwambia pole, mapera yapo sokoni.

Alhamisi, 14 Novemba

Estelle hajafika kazini siku mbili. Nimeshika madarasa mawili, watoto tisini na saba. Wa kwake wananiuliza kila saa Madame atarudi lini.

Jumatano, 20 Novemba

Leo nimejua yote, na nitaandika kama yalivyo hata kama yananiaibisha.

Baada ya mpera kuanguka, Asani aliukata kuni siku ile ile, akang'oa kisiki, akafukia shimo, mvua ikasawazisha udongo. Wiki iliyofuata akasimamisha miti ya ua mpya. Lakini hakuisimamisha pale ulipokuwa mpera. Ameisimamisha karibu na ukuta wa Mama Marcelline, nafasi ambayo hata beseni halipiti. Jiko la mjane sasa liko ndani ya ua wa Asani. Mahali pa kuanika mpunga pako ndani ya ua wa Asani, na mpunga wake wa mwaka huu umeanza kuota ndani ya gunia kwa kukosa pa kuanikia. Mama Marcelline alikwenda kwa Pacifique, chef wa barabara yao anayeamua kesi za mtaa, kulalamika. Marehemu mumewe hakuacha karatasi yoyote; mpera ndio uliokuwa karatasi yao.

Walimu walipokuwa wanasimulia haya, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa raha. Ndogo, kama ya mtu aliyekuna mahali palipowasha. Nilisema kimoyomoyo: na yeye aonje.

Kisha mmoja akasema Asani ana ushahidi. Ana kroki ya Oktoba, yenye saini na tarehe, inayoonyesha mpera uko ukutani kabisa. Kroki ya mwalimu.

Alhamisi, 21 Novemba

Chef Pacifique alikuja shuleni na karatasi yangu ndani ya mfuko wa plastiki. Mbele ya walimu wote aliniuliza kama huu ni mkono wangu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama niliketi pale tarehe ile. Nikasema ndiyo. Maswali mawili, majibu mawili ya kweli.

Jean-Baptiste akamwambia chef kwamba Madame Djamila hakosei, miaka yote hii hajakosea hata mto mmoja. Akaongeza kwamba amefikiri sana kuhusu ile ramani na ataitafutia msumari. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu Oktoba. Yalipita masikioni kama maji ya moto. Estelle alikuwa amesimama karibu na dirisha, ananitazama.

Saa sita alinifuata darasani. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ya kawaida.

"Yaya, siku ile uliikala wapi?"

"Ng'ambo. Juu ya kinu."

"Kama uliikala mbele ya nyumba, mupera haiwezi kuonekana pale."

Hapa ndipo shetani aliponipata. Badala ya kusikia mtu anayeomba msaada, nilisikia mtoto wa juzi ananifundisha kuchora. Nikamwambia kila mtu ana jicho lake. Akasema sawa, akaondoka, akafunga mlango taratibu.

Jumapili, 24 Novemba

Asani amekuja tena, safari hii na kuku. Alizungumza sana juu ya marehemu baba, na jinsi damu ilivyo nzito. Chef ataamua Jumamosi ijayo, pale pale uwanjani. Mimi nitie saini tu kwamba kroki ni yangu, na kwamba nilichora nilichokiona. Alisema mji mzima sasa unajua nani mchoraji wa kweli wa Kasongo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nililitia maji kabla hata ya kusifiwa.

Alipotoka, mama alikuwa anachambua mchele. Alisema bila kuinua kichwa:

"Ile mupera miye naijua. Kati yake na ukuta nilipita na kapo kwa kichwa, na mutu mwingine akapita."

Nikamuuliza kwa nini asiende kumwambia chef. Akasema nani atamsikiliza bibi kizee wakati kroki iko. Kisha akaniuliza kuku yule tumpike au tumfuge. Nikamwambia asimguse.

Jumanne, 26 Novemba

Mvua. Sijachora siku tisa. Nimejaribu kuchora mkono wangu mwenyewe, nikaacha.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimetafuta njia ya kutokea. Niseme nilichora haraka. Niseme macho yangu si mazima. Niseme mvua ilinikimbiza. Zote zinamwacha Mama Marcelline bila uwanja, kwa sababu chef atasema kosa dogo si uongo, na kwenye karatasi mti utabaki karibu na ukuta. Ya kweli ni moja, na ni ile ambayo mtu mzima hawezi kuisema mbele ya watu. Watoto wangu wa darasa la nne wanakaa mtaa ule, watakuja kutazama.

Na kitu kibaya kuliko vyote: bado namwonea wivu. Nilidhani akiwa na shida utanipungua. Leo nimemsikia akiwaimbia watoto wake wimbo wa kuhesabu, mama yake hana jiko, na bado anaimba vizuri.

Jumamosi, 30 Novemba

Watu walikuwa zaidi ya mia. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, udongo unanata viatu. Chef Pacifique aliketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya uwanja, ile karatasi magotini. Mama Marcelline alisema mpera ulipandwa na marehemu mumewe pamoja na marehemu baba yake Asani, siku moja, mikono minne. Akaomba watu wachimbe, maana mti mzima hauwezi kuondoka na mizizi yake yote. Asani akasema anayetaka kuchimba kiwanja cha mwenziwe ni mwizi. Chef akatazama karatasi, akasema:

"Kroki iko. Tuchimbe nini?"

Hapo nikaitwa. Karani alikuwa ameshaandika taarifa, akanipa kalamu. Mahali pa saini yangu palikuwa pamepigwa mstari. Asani alinitabasamia kama mzazi siku ya kutoa vyeti. Nikamtafuta Estelle, nikamwona amemshika mama yake mkono, hanitazami. Nadhani alikuwa ameshakata tamaa nami. Hilo ndilo lililoniuma. Nilitaka anionee wivu, aniogope, anichukie hata, lakini si kuacha kunitazama.

Nikamrudishia karani kalamu.

"Chef, ile mupera njo miye niliisogeza. Haikukuwa kwa ukuta. Nilimuona Estelle anacheka na mama yake, roho ikaniuma, nikaisogeza kwa penseli."

Mtu nyuma akacheka, kisha kelele. Asani akasema nimetishwa, nimepewa kitu, mwanamke aliyeachwa hana msimamo. Chef akanyamazisha watu. Aliniuliza, kama karatasi imedanganya, yeye atajuaje kwamba kinywa hakidanganyi. Lilikuwa swali la haki.

Nikamwambia nitamwonyesha. Nikavuka njia. Kinu kilikuwa bado pale, kimejaa matope. Nikaketi juu yake na gauni langu la Ijumaa, mbele ya watu wote wale, nikatoa penseli, nikanyoosha mkono, nikafumba jicho. Watoto wa darasa la nne walikuwa juu ya ukuta wa jirani wananitazama, kinywa wazi. Nilipima mlango wa buluu kutoka mwimo mpaka mwimo. Nikauhamisha upana ule kutoka pembe ya ukuta: mmoja, wa pili, wa tatu. Nikamwambia kijana wa chef, Pitchou, asimame na fimbo yake. Kulia. Kulia tena. Hatua moja zaidi. Hapo.

Alisimama ndani kabisa ya ua mpya wa Asani.

Chef akaamuru jembe. Pitchou alichimba mpaka magoti, akatoa udongo mweusi mtupu na kipande cha sufuria. Asani akaanza kuwaaga watu. Nilijua nimejivua nguo bure. Kisha nikakumbuka kwamba penseli huonyesha kushoto na kulia tu, haionyeshi mbele na nyuma. Nikapiga kelele kutoka ng'ambo Pitchou arudi nyuma kwenye mstari ule ule, aelekee kwenye jiko. Hatua mbili. Akachimba tena. Nilisikia jembe likigonga kabla sijamwona akiinama. Akatoa mzizi mnene kama mkono wa mtoto, wenye ganda jekundu. Akaufuata mwingine, na mwingine, yote inaelekea mahali pamoja. Mama Marcelline akauchukua wa kwanza, akaukwangua kwa kucha, akaunusa, akampa chef anuse.

Ua utang'olewa kabla ya Jumatano. Chef alinitaka niandike kwa mkono wangu juu ya ile karatasi: "Kroki hii si ya kweli. Mti niliusogeza mimi." Nikaandika, nikaweka saini na tarehe. Akagonga mhuri. Ni mchoro wangu wa pekee uliowahi kupigwa mhuri.

Nilirudi nyumbani peke yangu, gauni limejaa matope nyuma. Hakuna aliyenisemesha njiani, ila Aicha, aliyeniuliza kama kroki yake na yeye ni ya uongo. Nikamwambia hapana. Akasema ataipima.

Jumatatu, 2 Desemba

Jean-Baptiste hajasema neno kuhusu msumari. Mtoto mmoja wa darasa langu ameniuliza kama ni kweli walimu nao wana wivu. Nikamwambia tufungue hesabu ukurasa wa arobaini. Halafu nikamwambia ndiyo.

Jumatano, 4 Desemba

Ua umeng'olewa. Asani amempita mama msikitini bila salamu. Mama amemrudishia kuku.

Jumamosi, 7 Desemba

Estelle amekuja nyumbani leo. Nilipomwona mlangoni nilidhani amekuja kunipa haki yangu yote. Alikuwa amembebea mama mchele mpya kwenye kikapu, wa shambani kwao. Mama akampa kile kiti kizuri. Kabla hata chai haijachemka walikuwa wanacheka, yeye na mama yangu, juu ya kitu ambacho mimi sikukisikia vizuri. Niliketi nikatazama mikono yangu.

Baadaye tulibaki wawili. Nikamwomba msamaha. Sikupamba. Akaniambia ilimuuma, na kwamba kuna siku mbili alinichukia kabisa, akashindwa hata kuingia lango la shule. Akasema mama yake amemkataza kuendelea kunichukia, naye anajaribu, siku nyingine anaweza, siku nyingine hawezi. Leo anaweza. Akaniuliza nilikumbukaje ile milango mitatu. Nikamwambia nilipima sawasawa kwanza, ndipo nikadanganya. Akatikisa kichwa, akasema yeye hajawahi kupima mti kwa uhakika ule, huwa anakisia.

Nikamsindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa nimeazimia kunyamaza, lakini nimechoka na mambo ya kuandika tu humu. Nikamwambia bado ninamwonea wivu, hata sasa, hata alivyoketi na mama, na sijui utaisha lini.

"Najua, Yaya," akasema. "Afazali kwa kinywa kuliko kwa penseli."

Hata jibu hilo ningependa liwe langu.